Shajara ya mradi: daftari la ghala kuhamia PostgreSQL, Busia

Jumatatu, 6 Mei 2024

Kazi imeanza rasmi leo: kuhamisha kumbukumbu za ghala kwenda PostgreSQL, programu ya hifadhidata inayokaa kwenye seva. Ghala ni la chama cha wakulima, upande wa Uganda, mpakani unafika kwa miguu. Mahindi na maharage huingia kwa magunia kutoka vijijini, hupimwa, huanikwa, kisha huondoka kwa malori kwenda Kenya. Kumbukumbu zinakaa mahali patatu: daftari la mizani lenye jalada gumu, faili za Excel kwenye kompyuta ya Mama Karani, na kichwani mwa Mama Karani mwenyewe. Hapo pa tatu ndipo panapoaminika zaidi.

Mzee mwenyekiti hajasahau Machi 2021. Tarehe 5 ya mwezi ule Kenya ilizuia mahindi ya Uganda na Tanzania kwa ajili ya sumukuvu, ile sumu ya ukungu, na siku chache baadaye ikafungua njia kwa masharti: mwagizaji awe amesajiliwa, shehena iwe na cheti kwamba sumukuvu haizidi sehemu 10 kwa bilioni, na asili ya mahindi ijulikane. Hilo la asili ndilo lililotutoa jasho, maana daftari linajua gunia limeingia lini, halijui limepandia lori gani. Mzee aliniambia hivi: "Lori likisimamishwa pale, nataka kujua gunia ni la nani na limetoka kijiji gani, na nijue kabla chai haijapoa."

Mashine tuliyopata ni kompyuta ya mezani ya zamani: RAM ya GB 8, diski ya SSD ya GB 240, na UPS, betri ya kushikilia umeme ukizimika, ambayo nimeirithi pamoja na vumbi lake. Nimeweka mfumo endeshi wa Debian 12. Kwenye lugha na eneo nilibonyeza Enter na kupita kwenye en_US.UTF-8, yaani Kiingereza cha Marekani, kwani nilikuwa na haraka. Naliandika hapa kwa sababu nahisi litanirudia. Saa nimeiweka Africa/Kampala.

Halafu amri moja tu:

sudo apt install postgresql

Kijana aliyekwenda kuninunulia rolex, chapati ya mayai, hapo nje alirudi akakuta imeshamaliza. pg_lsclusters inaonyesha toleo 15, klasta "main", mlango 5432, iko hewani. Toleo 16 lilitoka Septemba mwaka jana, lakini sina haja nalo. Hili la 15 ndilo linalokuja na Debian 12, marekebisho ya usalama yanaingia pamoja na mengine, na watengenezaji wake wanalihudumia hadi Novemba 2027. Seva ya ghala haihitaji mitindo mipya.

Mzee aliuliza tutamlipa nani. Nikamwambia hakuna wa kulipwa: ni programu huria, ilianzia Chuo Kikuu cha California, Berkeley, mwaka 1986, mikononi mwa Michael Stonebraker na wanafunzi wake, na leseni yake inaruhusu mtu kuitumia, kuibadilisha, hata kuiuza. Akanitazama kama ninayemuuzia shamba lisilo na hati. "Kitu cha bure mwanangu, siku kikiharibika utamshika nani shati?" Nikamwambia atanishika mimi. Akacheka, lakini akaliandika kwenye kitabu chake.

Jumanne, 7 Mei

Nimetenga watumiaji. Kuna "mwenye_ghala", mmiliki wa hifadhidata, ambaye hakuna anayeingia naye siku za kawaida. Kuna "mizani", wa kijana anayepima, anayeruhusiwa kusoma na kuongeza mistari tu, hafuti wala habadilishi. Na kuna "karani", anayesoma vyote na kufunga hesabu. Mizani akikosea, unaandikwa mstari mwingine wa kufuta ule wa kwanza, na yote miwili inabaki. Mama Karani alilipenda hili mara moja. "Kama kalamu," alisema, "si kama penseli."

Nilipoteza karibu saa nzima kwa sababu ya maelezo ya zamani niliyokuwa nimeyahifadhi. Nilifuata hatua zilezile za miaka yote: tengeneza hifadhidata, tengeneza mtumiaji, mpe ruhusa kwa GRANT, ingia naye, tengeneza jedwali. Jibu: permission denied for schema public, yaani hana ruhusa kwenye "public", sehemu ya majedwali inayokuja tayari. Kumbe tangu toleo 15 haki ya kila mtu kutengeneza vitu ndani ya "public" imeondolewa. Dawa ni kumfanya mtumiaji huyo awe mmiliki wa hifadhidata tangu mwanzo:

CREATE DATABASE ghala OWNER mwenye_ghala;

Mabadiliko ninayaunga mkono. Ule mlango uliachwa wazi miaka mingi mno.

Mipangilio ya kumbukumbu sikuipigia hesabu kubwa. shared_buffers inakuja na MB 128, nimeipandisha hadi GB 2, yaani robo ya RAM kama inavyoshauriwa. work_mem nimeiacha MB 4. Watu wanaipandisha kwa tamaa wakisahau kwamba si ya seva nzima: kila upangaji ndani ya kila swali la kila aliyeunganishwa unaweza kuchukua kiasi hicho. Sisi tuko wanne, yatosha.

Alhamisi, 9 Mei

Leo ni mtandao. Kompyuta ya chumba cha mizani inatakiwa kuifikia seva ya ofisini kupitia rauta. PostgreSQL ikishawekwa husikiliza kwenye mashine yake yenyewe tu, basi nikafungua postgresql.conf nikaipa listen_addresses anwani ya seva, nikaongeza mstari kwenye pg_hba.conf, faili la wanaoruhusiwa kuingia, nikaiwasha upya. Nikaenda chumba cha mizani, nikajaribu. Imekataa.

Nikarudi ofisini kusoma logi, nikaenda mizani, nikarudi ofisini. Kati ya vyumba hivyo kuna uwanja wa kuanikia, na mara ya tano kina mama wanaogeuza mahindi walianza kunihesabia safari kwa sauti. Logi ilisema wazi kwamba haina mstari wa kumruhusu mgeni wa 192.168.1.23, na mstari mimi ninauona kwa macho yangu! Mwishowe nikauliza seva yenyewe inasoma nini:

SELECT * FROM pg_hba_file_rules;

Hapo ndipo nikaona. Nilikuwa nimeandika 192.168.1.0/32. Hiyo /32 maana yake ni anwani moja tu, ileile, ambayo hata si ya mashine yoyote. Nilitaka /24. Tarakimu mbili, safari saba za uwanjani. Mstari sasa unasomeka:

host ghala mizani 192.168.1.0/24 scram-sha-256

Kubadilisha pg_hba.conf hakuhitaji kuzima seva, reload, yaani kusoma upya mipangilio, inatosha. listen_addresses ndiyo inayotaka kuwashwa upya. Kwenye ukuta wa moto, ufw, nimeruhusu mlango 5432 kwa mtandao wa ndani pekee. Intaneti haina biashara na mahindi yetu.

Jumamosi, 11 Mei

Majedwali. Hapa nimekaa siku nzima, na sijutii.

Mfano niliokuwa nao umeandikwa na watu wa dola. Bei integer, yaani namba kamili, jumla integer, kila kitu integer. Kwa dola sawa. Nikachukua karatasi: lori la tani 30, tuseme kilo kwa shilingi 1,100, ni shilingi 33,000,000. Malori 65 ni 2,145,000,000. Integer ya PostgreSQL inaishia 2,147,483,647. Maana yake lori la 66 lingegonga dari, katikati ya msimu, foleni ya wakulima ikiwa nje. Shilingi yetu inataka nafasi.

Rafiki yangu mmoja aliniambia nitumie real, namba ya desimali ya kukadiria, "hiyo haina dari". Kweli dari yake iko juu mno, lakini ina shimo. Nilimwonyesha Mama Karani kwenye skrini. Nikaandika 17,450,305 kama real. Ikarudi 17,450,304. Real inatunza tarakimu chache tu kwa uhakika, na ukivuka 16,777,216 inaanza kuruka namba zisizogawanyika kwa mbili. Nikasema, kama mtu anayejitetea, kwamba ni shilingi moja tu.

"Shilingi moja," alisema Mama Karani, "ndiyo ninayoitafuta mpaka usiku vitabu visipolingana."

Basi pesa zote ni numeric(14,2), desimali kamili yenye tarakimu mbili za senti. Senti ni kwa ajili ya shilingi za Kenya, na kuna safu ya sarafu inayokubali UGX au KES na si kingine. Kabla ya hapo Excel ilikuwa inajumlisha shilingi za nchi mbili kwenye safu moja na Mama alikuwa anazitenganisha kwa rangi ya kijani.

Unyevu nao nimeuwekea CHECK, sharti ambalo seva hulikagua kabla ya kupokea namba. Kiwango cha Afrika Mashariki kwa mahindi ni asilimia 13.5, lakini mkulima anaweza kuleta mabichi zaidi, tunayaanika. Nimeruhusu kuanzia 5 hadi 40. Lengo si kuwakataa wakulima, ni kumzuia mtu asiandike 135 kwa kusahau nukta. Kwenye Excel 135 zipo kumi na moja, nimezihesabu.

Simu ni maandishi, si namba. Hakuna anayejumlisha namba za simu.

Jumatatu, 13 Mei

Nilijua en_US itanirudia.

Nilitaka kuonja kwanza, nikachukua kipande kidogo cha Excel: siku kumi za mwanzo wa Machi. Nikakihifadhi kama CSV, faili la maandishi matupu, nikakiingiza kwa COPY, amri ya kuingiza data kwa mkupuo, kikaingia bila kosa hata moja. Nikamwita Mama Karani aone. Akavaa miwani, akasoma kimya, kisha akauliza, kwa upole kabisa: "Mwanangu, hili lori tulilolipima mwezi wa kumi mwaka huu, limerudi au bado?"

Sisi tunaandika siku kwanza. 10/03/2024 ni tarehe kumi Machi. Seva iliyozaliwa na en_US inasoma mwezi kwanza, kwa hiyo ikaona tarehe tatu Oktoba. Na kwa kuwa nilichagua siku kumi za kwanza, kila siku ilikuwa na sura ya mwezi halali, na hakuna kilicholalamika. Ningechukua mwezi mzima, tarehe 13 ingekataliwa palepale, COPY nzima ingetupwa, na seva ingenidokeza niangalie datestyle. Kipande kidogo cha majaribio ndicho kilichonidanganya.

ALTER DATABASE ghala SET datestyle = 'ISO, DMY';

Inaanza kufanya kazi kwa wanaojiunga upya, si kwa aliyekwisha kuingia, kwa hiyo toka uingie tena. Nimefuta, nimeingiza mwezi mzima, Machi imerudi kuwa Machi.

Simu: karibu robo ya zilizoandikwa kwa 256 mbele zimegeuka kuwa 2.56E+11. Excel ilizidhania namba kubwa, ikazifupisha, na ilipohifadhi CSV ikahifadhi ule ufupisho. Ndani ya CSV tarakimu zimepotea. Nyingine tumezipata kwenye faili asili kwa kupanua safu, nyingine Mama Karani anazo kwenye simu yake mwenyewe, kwa majina ambayo siwezi kuyaandika hapa.

Jumatano, 15 Mei

Saa. Hili sikuliwaza kabisa, nami ni Mswahili.

Daftari la mizani lina safu ya saa. Nimeingiza mistari, nikapanga kwa muda, nikaona ghala letu linafanya kazi usiku wa manane. Malori yanaingia 3:20, 2:45, 4:10. Sekunde chache nilidhani kuna wizi. Kisha nikajicheka: kijana wa mizani anaandika saa kama anavyoisema. Saa tatu na dakika ishirini asubuhi ni 9:20. Seva haijui kwamba huku siku inaanza jua likichomoza.

Ningejumlisha saa sita kila mahali, kazi ingeisha. Tabu ni kwamba si yeye peke yake aliyeandika. Likizo zile alikuja mtoto wa shule kusaidia, akaandika kama alivyofundishwa, 9:20 ni 9:20, na 15:00 ni saa tisa alasiri. Miandiko miwili, daftari moja, hakuna saini.

Ghala linafunguliwa saa moja asubuhi na kufungwa saa kumi na mbili jioni. Kwa hiyo mstari wowote ulioandikwa 13 hadi 18 ni wa mwanafunzi, na ulioandikwa 1 hadi 6 ni wa kijana, kwa sababu saa hizo kwa hesabu ya Kizungu ghala limefungwa. Palipobaki ni 7 hadi 12, panaposomeka kote kuwili: 8:00 inaweza kuwa saa mbili asubuhi au saa nane mchana. Hapo nilitumia mpangilio wa daftari. Mistari imeandikwa kwa kufuatana, basi 8:00 iliyo kati ya 7:30 na 4:15 inajieleza kwa majirani zake.

Mistari 4,812 kwa jumla. Baada ya kanuni hizo imebaki 96 isiyoeleweka. Sikuibahatisha. Safu ya muda nimeiacha tupu, na pembeni nimeweka safu ya maandishi, saa_ya_daftari, yenye kile hasa kilichoandikwa kwa wino. Mama Karani alitaka nijaze tu "ionekane imekamilika". Nimekataa, na tulinuniana mpaka chai ya saa kumi.

Kwa siku zijazo seva ndiyo itakayoandika muda wenyewe kwa now(), katika safu ya timestamptz, yaani tarehe na saa. Kwenye skrini ya mizani nimeonyesha saa kwa Kiswahili. Kijana alipoona "saa 4:05 asubuhi" juu ya fomu alinipa mkono.

Ijumaa, 17 Mei

Fomu ya mizani niliiandika kwa Python wiki iliyopita, kwa uvivu: nilikuwa naunganisha vipande vya maneno kutengeneza amri ya SQL. Leo dereva wa kwanza wa majaribio anaitwa Ng'ang'a. Fomu ikafa: kosa la sintaksia karibu na "ang". Alama ya ng' ndiyo ileile inayofunga maandishi kwenye SQL, na seva iliona "Ng", kisha neno geni, kisha "a". Anayeunda programu kwa lugha isiyo na ng'ombe wala ng'ambo anaweza kukaa miaka asikutane na hili. Sisi tumekutana nalo kabla ya saa nne.

Na si jina tu linaloweza kupita hapo. Mtu mwenye nia mbaya angeandika kwenye kisanduku cha jina amri nzima ya kutazama asichotakiwa. Nimeandika upya: thamani zinapelekwa kando kama vigezo, haziunganishwi na amri. Ng'ang'a amepimwa, kilo 29,640.

Bakapu nimeipangia cron, kipanga kazi cha mashine, kila usiku saa tano.

Jumatatu, 20 Mei

Tumeanza kuendesha sambamba: daftari na seva kwa pamoja, wiki mbili. Hakuna la kusimulia.

Jumatano, 22 Mei

La kusimulia limekuja.

Saa nane na nusu mchana umeme ulizimika. Haukukatika barabarani, yuniti za Yaka, umeme wa kulipia kabla, ziliisha, na kila mmoja wetu alidhani mwenzake amenunua. UPS ililia mara mbili ikanyamaza, betri yake imekufa siku nyingi. Seva ilizimika kama mtu aliyepigwa rungu.

Mzee akanunua yuniti kwa simu, nikawasha. Hapa PostgreSQL ilinipa raha. Kila badiliko huandikwa kwanza kwenye kitabu cha mabadiliko kiitwacho WAL na kusukumwa hadi diskini, ndipo mtu anaambiwa "tayari". Logi ikasema:

database system was not properly shut down; automatic recovery in progress

Sekunde chache baadaye ikawa tayari kupokea wageni. Nikalinganisha na daftari: kila gunia lililokuwa limethibitishwa lipo, hata lile lililopimwa dakika ya mwisho.

Nikaenda nyumbani nimejaa kiburi.

Alhamisi, 23 Mei

Asubuhi nimemkuta Mama Karani mlangoni na risiti mbili mkononi. Ya jana kabla ya umeme kuzimika ni namba 214. Ya kwanza baada ya umeme kurudi ni namba 241.

"Risiti ishirini na sita ziko wapi?"

Kijana wa mizani alikuwa peke yake jana mchana. Alikuwa amesimama nyuma ya Mama, hasemi, anageuza kofia yake mikononi. Katika kazi hii risiti inayokosekana ni mahindi yaliyoondoka bila kuandikwa, na mtu aliyekuwa zamu ndiye anayelipa. Nikajua kosa ni langu kabla sijajua ni kosa gani.

Namba za risiti nilizitoa kwenye sequence, kile kihesabio cha PostgreSQL chenyewe. Sequence haiandiki WAL kwa kila namba, ingekuwa polepole. Inaandika mara moja kwamba "nimeshafika namba 32 mbele", kisha inazigawa hizo kutoka kwenye kumbukumbu bila kuandika tena. Ikizimwa kwa adabu, inakumbuka ilipoishia. Ikizimwa kwa rungu, inarudi na kuanzia pale ilipoahidi, kwa sababu kuruka namba ni salama kuliko kutoa namba moja mara mbili. Zile 26 hazikuwahi kutolewa kwa mtu yeyote. Hata bila umeme kuzimika, muamala ukianza ukaghairiwa, namba yake haitarudi. Sequence imekusudiwa kutoa namba zisizofanana, haijawahi kuahidi namba zisizo na pengo. Mimi ndiye niliyeipa kazi isiyo yake.

Nilieleza hivi mbele ya wote watatu, Mzee akiwa ameitwa. Nikachora kitabu cha risiti: fikiria karani anayechana kurasa 32 anaziweka mfukoni ili asifungue kabati kila mara; nyumba ikiungua, kurasa za mfukoni zimeungua, kabati linaendelea na ukurasa wa 33. Mama Karani alisikiliza hadi mwisho. Akasema: "Mimi karani kama huyo ningemfukuza."

Alikuwa na haki. Lakini alimgeukia kijana, akamwambia arudi kazini, akamwita baba. Hilo ndilo nililolihitaji asubuhi ile.

Mchana mzima nimetengeneza upya. Kitambulisho cha ndani cha mstari kimebaki cha sequence, hakuna anayekiona, kiruke kinavyotaka. Namba ya risiti sasa inatoka kwenye jedwali dogo lenye mstari mmoja kwa kila msimu:

UPDATE hesabu_risiti SET namba = namba + 1 WHERE msimu = '2024A' RETURNING namba;

Amri hii iko ndani ya muamala uleule unaoandika gunia. Gunia likiandikwa, namba imeandikwa. Muamala ukighairiwa au mashine ikifa katikati, vyote viwili vinarudi kana kwamba havikutokea. Gharama yake ni foleni: anayetoa risiti anaufunga ule mstari mpaka amalize, na mwingine anangoja. Kwa benki ni tatizo, kwa mizani mbili si kitu. Yote nimeifungia ndani ya funksheni ya SECURITY DEFINER, inayotumia haki za mmiliki wake, ili mtumiaji "mizani" aweze kuomba namba lakini asiweze kuishika hesabu yenyewe.

Kisha nikaanzisha muamala, nikachukua namba, na kabla ya COMMIT, yaani kuuthibitisha, nikauchomoa waya wa umeme kwa makusudi. Mara tatu. Mama Karani alisimamia zoezi mwenyewe na ndiye aliyechomoa mara ya tatu, kwa furaha ambayo haikunipendeza. Hakuna pengo.

Mzee ameidhinisha betri mpya ya UPS. Ununuzi wa yuniti sasa una mtu mmoja mwenye jukumu, na jina lake limebandikwa juu ya mita.

Jumamosi, 25 Mei

Leo nilitaka kurejesha bakapu kwenye laptopu yangu, kwa kujiridhisha tu. Kwenye folda kuna faili nane, moja kwa kila usiku tangu Ijumaa iliyopita, tarehe zimepangika vizuri. Ukubwa wa kila moja: baiti 0.

Nilikaa chini.

Nilikuwa nimeiweka cron kwenye akaunti ya root, mkuu wa mashine. Ndani ya Debian seva inamtambua mtu wa mashine hiyohiyo kwa jina lake la mfumo, na PostgreSQL haina mtumiaji anayeitwa root, kwa hiyo pg_dump, chombo cha kutoa bakapu, ilifukuzwa mlangoni kila usiku. Lakini ile alama ya > inayopeleka matokeo kwenye faili ilishatengeneza faili kabla pg_dump haijaanza, tupu. Jumatano mashine imekufa ghafla na mimi nikatembea kifua mbele, bila hata bakapu moja nyuma yangu.

Sasa inaendeshwa na mtumiaji postgres. Hati inaandika kwanza kwenye faili la muda, inalipitisha kwenye pg_restore --list, chombo cha kusoma bakapu, kuona kama linasomeka, ndipo inalipa jina la kudumu. Isipofaulu hakuna faili, na kutokuwepo kwa faili kunaonekana. Nimeiweka kwenye hati pia kwa sababu ndani ya crontab alama ya % inavunja mstari, na date +%F ingenimaliza mara ya pili. Watumiaji na nenosiri zao hazimo ndani ya pg_dump ya hifadhidata moja, kwa hiyo kuna pg_dumpall --globals-only pembeni.

Nimerejesha kwenye laptopu, nikajumlisha kilo za Machi, zimelingana na seva.

Nakala zinakwenda kwenye diski mbili za USB, moja ofisini na moja nyumbani kwa Mzee, zinabadilishana kila Jumamosi. Zimefungwa kwa gpg, programu ya kusimba data, maana ndani mna majina, simu na namba za vitambulisho za wakulima, na Uganda ina sheria ya ulinzi wa data tangu 2019. Diski ya USB ni kitu kinachosahaulika kwenye boda. Ufunguo nimeuchapisha kwenye karatasi, uko kwenye sanduku la chuma.

Jumatatu, 3 Juni

Sikukuu ya Mashahidi, ghala limefungwa. Wengine wamekwenda Namugongo kwa miguu tangu wiki jana, Mama Karani akiwamo. Nimetumia utulivu huu kufuta data za majaribio, kuingiza kumbukumbu zote kwa mara ya mwisho na kurudisha hesabu ya risiti kwenye sifuri. Saa tatu za kazi, saa mbili za kuangalia mara ya pili.

Kuanzia kesho seva ndiyo daftari.

Jumamosi, 22 Juni

Maharage yameanza kuingia, mahindi yatafuata. Mzee alinijaribu bila kunitahadharisha: akasoma namba ya lori lililoondoka Alhamisi, akamimina chai, akaniangalia. Wakulima kumi na tisa, vijiji sita, unyevu wa kila mzigo na namba ya cheti cha sumukuvu. Chai ilikuwa bado inatoa moshi.

Jioni Mama Karani aliomba orodha ya risiti za wiki ichapishwe. Akaipitia kwa kidole, mstari kwa mstari, midomo ikihesabu. Alisimama kwenye 388.

"Hii imefutwa."

Nikamwonyesha mstari wa 391 ulioifuta, muda wake, na sababu iliyoandikwa na kijana: gunia lilipimwa na mtoto amekaa juu yake.

Akaweka alama ya kalamu pembeni, akaendelea na 389.